Mkono Uliopima Sabuni ya Mbu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi wetu Bwana Gerishon Karanja, mameneja wa meza ya mbele yenye maua, wateja wetu waheshimiwa kutoka Lavington na Kitisuru, na nyinyi wafanyakazi wenzangu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo nyote?

Nimeambiwa nina dakika kumi za kuwaaga, na kwamba niseme mambo mazuri. Nitajitahidi kwa dakika.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Nzembi Mwau. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa mkono wa kiwanda hiki. Sisemi mkono wa kuume wa Mkurugenzi. Nasema mkono, huu hapa. Kila Jumanne niliupaka sabuni yetu ya kufukuza mbu, nikauingiza katika kisanduku cha wavu chenye mbu mia moja wenye njaa, nikahesabu wanaotua. Mbu wale walizaliwa maabarani, hawakuwa na ugonjwa wowote, kwa hivyo msinihurumie. Tulizoeana.

Niliona nini? Povu likikauka mkononi bila kusuuzwa, mbu walikaa mbali kwa muda wa saa mbili hivi. Nikisuuza, kama binadamu wafanyavyo wakioga, walianza kutua kabla chai yangu haijapoa. Niliandika hivyo mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa kumi na sita. Bwana Kivuva, meneja wetu wa mauzo, ambaye kipaji chake nakivulia kofia, alisoma kurasa hizo hizo akatoka na maneno haya: “Oga Mara Moja, Sahau Malaria.” Ndugu wageni waalikwa, niliyatafuta maneno hayo katika daftari langu hadi macho yakauma. Nani mwingine kati yetu angeweza kuyaona?

Kweli, chini kabisa ya lebo, kwa herufi ambazo hata sisimizi angezisoma kwa miwani, tuliandika “Usisuuze.” Mama mmoja wa Kitisuru aliliona neno hilo akapiga simu maabarani.

“Sasa mnataka niende kanisa na povu?”

Nikamwuliza, “Mama, huko kwenu kuna shida ya malaria?”

“Hakuna. Lakini hiyo rangi inaendana na taulo zangu.”

Huyo ndiye mteja tuliyemlinda kikamilifu. Kwake malaria ni nadra, na sabuni yetu haijawahi kushindwa huko hata siku moja.

Lakini je, tuliwauzia watu wa Kitisuru peke yao? Krismasi ya mwaka juzi kiwanda kilimpa kila mfanyakazi zawadi ya katoni moja ya sabuni. Obuya wa mtambo wa kuchanganya, yule pale karibu na mlango, anaishi Waithaka, na nyumbani kwao ni Siaya, huko Magharibi kwenye malaria. Alinisimamisha getini, katoni begani.

“Nzembi, wewe ndio unapimanga. Hii kitu inafanya kazi ukweli?”

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana hili si la Bwana Kivuva. Nilikuwa na haraka. Nilimjibu, “Si umesoma lebo?” Nikacheka, nikaenda zangu.

Obuya aliisoma. Akaiamini, kwa sababu ni ya kazini kwake. Neti mbili alizokuwa ameshafungasha kwa safari ya nyumbani akazitoa kwenye begi ili sabuni ipate nafasi. Wakafika Siaya, wakawa wanaoga kila jioni, yeye, mkewe Lornah, na binti yao Ivyne wa miaka minne, na wakasuuza vizuri kama watu waliolelewa. Wiki mbili hazijaisha vizuri, Ivyne akapata homa, kisha degedege, mikononi mwa mamake. Alilazwa siku sita. Lornah aliniambia kwamba daktari alipouliza kama mtoto alikuwa analala ndani ya neti, alimjibu kwa fahari, “Hapana, daktari, sisi tunatumia sabuni ya kazini kwa Baba Ivyne.” Daktari aliendelea kuandika.

Ivyne alipona. Sasa anaenda shule, na ana kelele, namshukuru Mungu kwa kelele hizo.

Mimi nilichukua daftari langu nikaingia ofisini kwa Mkurugenzi. Nampongeza: alinipokea kwa chai.

“Nzembi,” akasema, “sisi hatuuzi sabuni tu. Tunauza matumaini.”

“Bwana Mkurugenzi, matumaini haya yanatoka kwa maji.”

Akaahidi lebo itabadilishwa, na ahadi akaitimiza. Baada ya miezi minane, lebo iliyokuwa ya kijani ikawa ya buluu. Maneno yakabaki yale yale. Mwaka huu nilipoletewa hati ya vipimo niitie sahihi, nikakataa. Juma lililofuata nikaletewa barua ya kunipongeza kwa kustaafu. Mabibi na mabwana, nina umri wa miaka arobaini na minne. Naomba makofi kwa mtu wa kwanza kuzeeshwa na barua.

Asanteni. Naona huko nyuma mmepiga kwa nguvu zaidi.

Bwana Kivuva anaangalia saa, kwa hivyo naelekea mwisho. Wiki iliyopita nilipeleka nakala za vipimo vyangu katika ofisi ya serikali inayosimamia ubora wa bidhaa. Zimepigwa muhuri, na Jumatatu nimeitwa kuzieleza. Jana nilimwuliza Obuya kama naweza kumtaja leo mbele ya wakubwa wake, maana yeye bado ana kazi hapa.

“Hutaogopa?” nikasema.

“Nitaogopa,” akasema. “Lakini taja.”

Obuya, nisamehe kwa lile jibu la getini. Nilikuwa najua, na sikukuambia.

Nawashukuru waandalizi kwa chakula, na wenzangu wa maabara kwa kunipaka dawa ya mwasho miaka yote hii. Na kwa mnaosafiri Magharibi Desemba hii, ogeni na sabuni yetu bila wasiwasi, inaondoa jasho vizuri sana. Kisha mlale ndani ya neti.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, asanteni sana.