Mama Elias, Aliyepima Maji ya Ain Rihan

Marehemu Wadad Saliba, Mama Elias, alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 hapa Ain Rihan, bonde la Bekaa, akiwa kifungua mimba wa mzee Tanios na mama yetu Hneine. Mimi Fuad, ninayewasomea wasifu huu, ndimi kitindamimba.

Alisoma kwa masista wa Zahle hadi 1964, akarudi kutufundisha hesabu kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi mlioketi hapa aliwavuta masikio, nami nikiwemo.

Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na Mikhail, mkulima wa viazi, aliyemtangulia mwaka 2009. Tangu mwaka ule wa harusi, kila sikukuu ya Msalaba, vijana wakiwasha mioto mlimani, yeye alishusha kisimani kwao kamba yenye fundo kila mita, akaandika kina cha maji. Mwaka wa kwanza maji yalikuwa mita tisa chini. Mwaka 1996 yalikuwa thelathini na moja. Akang'oa viazi, akapanda mizabibu isiyohitaji maji mengi, akatusihi nasi tupunguze pampu.

Mimi nikambishia mbele ya kadamnasi.

"Dada, kilicholegea ni kamba yako! Maji yapo palepale."

"Haya, lete futi tuipime."

Kweli, kamba ilikuwa imevutika. Kila mita ilizidi kwa vidole vinne.

"Umeshinda, Fuad. Kumbe maji yako chini kuliko nilivyosema!"

Nilichekwa wiki nzima. Lakini sikio la kufa halisikii dawa: mwaka uliofuata nilichimba kisima cha mita mia mbili, na pampu yangu ikazidi kukikausha chake. Hata hivyo kila Jumapili alinipikia kibbe yake ya nyama na ngano. Naona aibu kusema, ila ndivyo ilivyokuwa.

Moyo ulianza kumsumbua Aprili 2023. Tarehe 14 Septemba, siku ya Msalaba, alinituma nikapime. Nilikuta tope tupu. Nikarudi na uso mkavu.

"Yamepanda, dada."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hesabu nimekufundisha mimi, leo unidanganye? Izime hiyo pampu, we mtoto. Wajukuu watakunywa nini?"

Alifariki tarehe 17, saa kumi alfajiri, nimemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, Elias na Therese, wajukuu watano, na mdogo wake mbishi.

Jana niliizima pampu, na leo asubuhi fundi ameing'oa. Viazi vyangu vilivyokomaa, njooni mchimbe bure, sipandi tena. Nimechelewa, dada, lakini nimesikia. Mungu akupumzishe kwa amani yake.