Kabla Utepe Haujakatwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Chifu Kanyimbi, Bibi Zione Maliro mlezi wa nyumba hii, ndugu wageni waalikwa, nawasalimu.

Mimi mtangazaji wenu wa redio nimealikwa niseme machache juu ya ujasiri wa wanawake wanaoishi humu baada ya kupigwa na waume zao. Je, mmegundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyetoka kuketi nasi?

Hapa kwetu Ntcheu mgeni hupiga odi, yaani hodi, na asiyeitikia huonekana hana adabu. Humu ndani hawaitikii. Khumbize, na hilo si jina lake, aliniambia kupitia dirisha: "Mume wangu hakuwahi kuvunja mlango, kaka. Alikuwa anapiga odi kwa upole, majirani wasikie. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namfungulia."

Mpaka leo akilisikia neno hilo mikono humfa ganzi. Asubuhi hii, mlipopiga odi kwa furaha, alisukuma kinu kikaziba mlango. Bibi Zione hakumkemea. Aliketi sakafuni kando yake, akaendelea kuchekecha unga hadi mwenzake alipoweza kushika chekecheo. Wengine huita hilo kazi ndogo. Mimi nimeripoti mengi, na sijaona tiba iliyo kubwa zaidi.

Sasa naomba utulivu. Leo nilipokuwa nanunua maandazi sokoni, mwanamume mwenye baiskeli aliniuliza, "Kaka, sherehe ya akina mama iko wapi? Mke wangu yuko huko."

Muuza maandazi akamcheka: "Mume gani wewe hujui mkeo alipo? Fuata mabango, utafika."

Nilimweleza askari pale getini. Akanijibu, "Mzee, mume kumtafuta mkewe ni kosa?"

Kisha nikamweleza Khumbize kofia aliyovaa mtu yule, naye akamtambua kuwa ni mumewe. Hakulia. Aliuliza tu, "Mabango kaweka nani?"

Tumeyaweka sisi, kwa nia njema.

Mheshimiwa, matangazo ya sherehe hii redioni nimeyazima. Naomba mabango yashuke sasa hivi. Utepe umefungwa kwenye mlango aliouziba Khumbize, usikatwe. Atafungua mwenyewe, siku atakayotaka. Akina mama wageni, ondokeni bila ngoma, bila kuaga mlangoni. Akina baba, pamoja na Chifu, bakini hapa nje hadi wenyeji wetu wahamishwe kwa njia ya nyuma.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mwenye baiskeli akifika na kupiga odi, mwitikieni ninyi.