Bwawa la Chaki

Usidhani benchi la kijiwe hiki lilitengenezwa na seremala. Lilikuwa mlango. Duka lilipofungwa miaka hiyo, mwenye duka akaondoka na rafu zake na mizani, pa kuingilia akapaziba kwa matofali, na mlango wa mbao akauacha umeegemea ukuta. Watu wazima wanne wakaulaza juu ya matofali yaliyobaki wakaanza kuukalia. Kitasa bado kipo kwenye ncha ya kushoto, na anayechelewa ndiye anayekalia kitasa. Mbele yake kuna uwanja wa saruji, mpana, ambao kwa miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kupokea maganda ya karanga. Hapo kahawa hunywewa kuanzia saa nane mchana mpaka maneno yaishe, na maneno yenyewe hayana tabia ya kuisha.

Siku hiyo aliyekalia kitasa alikuwa Koki. Koki ni fundi bomba mstaafu, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya ufundi. Alipewa kwa sababu akishaanza kuongea hakuna wa kumfunga. Lakini leo alikaa kimya, amekumbatia chupa nyekundu ya kahawa, ile ya wageni, ambayo mkewe huifungia kabatini. Ilikuwa zamu yake kuleta kahawa, na ruhusa ya chupa hakuomba.

—Leo saa kumi, akasema mwishowe, ama nina bwawa, ama nina gereji.

Wenzake walijua anachosema, maana wiki tatu nzima hakuwa na wimbo mwingine. Koki alitaka kufuga samaki na kupanda mboga nyuma ya nyumba, vyote kwa maji yaleyale. Maji machafu ya samaki yanakwenda kulisha mboga, mboga zinayasafisha, maji yanarudi kwa samaki. Na juu ya mboga, banda la nailoni la kuzuia upepo na wadudu. Mkewe hakukataa. Ila uwanja ule wa nyuma una historia. Mwaka juzi Koki alifuga kuku, mwaka jana akafuga nyuki. Kuku walikufa wote. Nyuki hawakufa hata mmoja, na jirani wa kushoto hamsalimii mpaka leo. Halafu kuna kaka wa mkewe, wanayemwita Spea, anayekusanya magari mabovu kama watu wengine wanavyokusanya vyombo vya harusi, na sasa anatafuta pa kuweka pikapu yake ya tatu isiyotembea.

—Mama watoto kanipa sharti, Koki akaendelea. Nimchoree mchoro. Akiuelewa mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo, uwanja ni wangu. Asipouelewa, Spea anaingiza chuma chake. Saa kumi anafika.

—Bila kufungua mdomo, wewe? akauliza Gia. Huyo sharti lake ni kubwa kuliko bwawa.

Gia aliendesha malori ya mizigo maisha yake yote, na mpaka leo huongea taratibu, kama anapanda mlima na shehena.

—Lete huo mchoro tuuone, akasema Pima, fundi cherehani, ambaye duka lake liko ubavuni mwa kijiwe na utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake.

Koki akatoa karatasi mfukoni mwa shati. Ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Kipeo, mwalimu wa hesabu mstaafu, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

—Hii ni picha ya utumbo, akasema Pima.

—Hayo ni mabomba.

—Samaki wako wapi?

—Hilo duara hapo pembeni.

—Nilidhani ni doa la kahawa.

—Doa la kahawa ni hili la katikati, akasema Koki.

Hakuna aliyecheka. Koki alikuwa na huzuni ya kweli. Miaka thelathini amewapelekea watu maji jikoni na bafuni, amezibua yasiyotamkika, na kwake mwenyewe hajawahi kujenga kitu kikasimama. Mara hii moja alitaka kitu kisichokufa na kisichomchoma mtu.

Kipeo akaivua miwani.

—Karatasi ndiyo inayokuponza. Umebana uwanja mzima kwenye kiganja. Chora kwa ukubwa wake halisi. Uwanja wako una hatua ngapi?

—Kumi na mbili kwa nane.

Kipeo akautazama uwanja wa saruji. Wote wakautazama.

—Fagieni maganda, akasema.

Pima akaleta chaki za kukatia nguo, nyeupe na za buluu, na kazi ikaanza saa nane na nusu. Koki akapiga magoti kwenye kona ya ukutani, akachora duara kubwa la buluu.

—Samaki hapa, kwenye kivuli. Jua likilipiga tangi, maji yanageuka kijani kama uji wa majani. Na tangi likae juu kuliko vyote, matofali manne. Hapo maji yanajiendea yenyewe: pipa la kuchujia uchafu, halafu vitanda vya kokoto vyenye mboga, halafu shimo la chini. Kutoka shimoni, pampu moja tu inarudisha juu kwa samaki. Moja.

Sasa alikuwa Koki yule wanayemjua. Akatambaa na chaki, akachora mishale, na kila mshale ulipokwenda maji yalionekana yanakwenda.

—Simama hapo, akasema Gia. Umesahau barabara.

—Barabara gani?

—Kati ya vitanda. Kokoto zitaingia na toroli. Toroli itageukaje?

Gia akanyoosha mikono mbele, akashika toroli isiyokuwepo, akaisukuma kati ya mistari huku akinguruma kwa mdomo. Kwenye kona ya pipa akakwama.

—Hapa nimegonga.

—Umegonga nini na hakuna kitu?

—Nimegonga pipa. Sogeza kitanda nusu hatua.

Kikasogezwa. Gia akazunguka tena, safari hii bila ajali, akapiga honi.

Pima naye hakutaka kuachwa. Akavua utepe shingoni, akaanza kulipima banda la nailoni kama mteja wa suti. Bega hatua saba. Kimo cha paa, watu wawili. Pindo akaliachia shubiri nzima lizikwe ardhini, panya asipenye. Kisha akauzungushia mchoro wote mstari mweupe mnene pande zote nne, akaukazia mara mbili.

—Likishonwa hivi, hata mbu anapiga simu kwanza, akasema.

Hapo kahawa ya raundi ya pili ikamiminwa, na kahawa ya raundi ya pili ndiyo huharibu vichwa.

—Paa liinamie upande wa jua, akasema Kipeo. Tatizo, jua linahama. Basi na banda lihame. Tulitie magurudumu.

—Likiwa na magurudumu nalivuta mpaka sokoni, akasema Gia. Samaki wakiwa ndani, mboga zikiwa ndani. Mteja anachuma mwenyewe kwenye foleni.

—Njiani watapata baridi, akasema Pima. Tangi nitalishonea koti. La mikono mifupi.

—La mikono ya nini?

—Mabomba yatapita wapi?

—Ngojeni, akasema Kipeo, na macho yakamng'aa kwa namna ambayo wanafunzi wake waliiogopa. Pampu tunaitakia nini? Samaki mia mbili wakifundishwa kuogelea upande mmoja, maji yanazunguka. Maji yakizunguka yanasukuma feni. Feni inapandisha maji. Wanajiendeshea wenyewe.

—Na wakilala? akauliza Koki.

—Kwa zamu, akasema Gia. Kwenye malori ya masafa marefu hatulali wote.

Koki akajikuta anafikiria zamu za samaki kwa dhati kabisa, nani aanze na nani apokee, mpaka macho yake yakaangukia saa ya ukutani dukani kwa Pima. Saa tisa na nusu imeshapita.

—Ndugu zangu, nawaomba. Hakuna magurudumu. Hakuna koti. Samaki wapumzike.

Akapiga magoti tena, peke yake, na kando ya kila kitanda cha mboga akaandika neno moja kwa herufi kubwa: KIUNONI.

—Kiuno cha nani? akauliza Pima.

—Cha mama watoto. Vitanda vitapandishwa mpaka usawa huo. Mgongo unamsumbua mwaka wa pili sasa, akiinama kuchuma mchicha anainuka kwa kushika ukuta. Hasemi, lakini namwona. Hapa achume amesimama.

Gia akakohoa. Pima akajifanya anakunja utepe. 

Kipeo akainua chupa ajimiminie. Likatoka tone moja, likasita, likadondoka.

—Kahawa imekwisha, akasema.

—Na chupa yangu nayo imekwisha? ikauliza sauti nyuma yao.

Alikuwa mke wa Koki, ana upawa mkononi na hasira ya chupa usoni. Miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga kijiweni. Husema anayo redio nyumbani, inamtosha. Pima akampangusia nafasi upande wa kitasa, naye hakukaa. Alishauona uwanja.

—Nini hiki?

Koki akafungua mdomo. Gia akamkanyaga mguu, na mdomo ukafungwa.

Mama akaanza kutembea. Hakuvuka mstari hata mmoja, aliuzunguka mstari mnene wa nje kama mtu anayezunguka nyumba ya jirani. Akasimama mkabala na duara la buluu. Akaufuata mshale kwa upawa.

—Samaki, akasema chinichini. Uchafu unabaki hapa. Mboga. Shimo. Halafu hapa yanarudi.

Koki akamfuata kwa macho. Mkewe alifika kwenye vitanda, akasoma. KIUNONI. Akasoma na cha pili, KIUNONI. Bila kujua anafanya hivyo, akaweka mkono kiunoni. Kisha akauzunguka mstari tena, safari hii haraka, na mara ya tatu akasimama palepale alipoanzia.

—Mimi naingilia wapi?

Koki akamtazama Gia. Gia akamtazama Pima. Pima akaufuata kwa macho mstari wake mnene, aliokazia mara mbili, ukaenda ukuta hadi ukuta na kurudi ulikotoka.

—Toroli inageuka vizuri sana, shemeji, akasema Gia.

—Hiyo toroli imeingilia wapi?

Gia akaitazama mikono yake.

—Nimeshona mto wa kulalia, pande zote, Pima akanong'ona.

Kipeo akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Koki akaitazama saa ya Pima. Saa kumi kasorobo. Mabomba yote yapo, kila inchi ya mteremko ipo, na pa kupita mtu hakuna. Sharti lilikuwa afunge mdomo, lakini sharti lenyewe sasa lilikuwa la nini.

—Nimekusahaulia mlango, mama watoto.

—Nimeona. Umenipimia kiuno, ukasahau kwamba nina miguu.

Akanyoosha mkono.

—Nipe hiyo chaki.

Akausugua mstari wa Pima kwa soli ya kandambili, upande wa kushoto, mpaka saruji ikaonekana, akachora mlango mpana wa kutosha toroli.

—Hapa. Nikitoka jikoni nifike moja kwa moja, sizunguki nyumba na bakuli. Na mnanaa uwe kitanda cha kwanza, karibu na mkono.

—Shemeji, akasema Kipeo kwa adabu zote, ili mtu aone kilichopungua, lazima awe ameuelewa mchoro mzima.

—Nani kasema sijauelewa?

Koki alisikia maneno hayo yakiingia mwilini kama maji kwenye bomba lililokauka. Alitaka kucheka, akajikuta anapangusa macho kwa mkono wenye chaki, na uso ukageuka wa buluu. Wenzake wakampiga mabega. Gia akapiga honi mara mbili.

—Na mlango wa kununua msihangaike nao, mama akaongeza. Upo, na kitasa kipo. Mmeukalia.

Gia, aliyekuwa ameshakaa, akainuka polepole na kulitazama benchi kama analiona leo.

—Na sisi tutakaa wapi?

—Njooni mkae kwa samaki, kuna kivuli. Ila chupa yangu muiombe.

Hapo ndipo Spea alipotokea. Pikapu ilikuwa imebaki barabarani imefungwa kamba nyuma ya gari la mwenzake, na yeye akaja kwa miguu, anafuta jasho, akakata katikati ya uwanja wa saruji bila kutazama chini.

—Dada, njoo nyumbani unifungulie geti, huyu jamaa wa kunivuta ana haraka.

Mkewe Koki akapita mlangoni mwake, akaingia, akasimama kati ya vitanda viwili, mkono kiunoni.

—Kaka, sogea. Umesimama kwenye samaki wetu.

Spea akatazama chini. Akainua mguu mmoja, akainua na wa pili, akarudi kinyumenyume kuelekea ukutani.

—Si huko, akasema dada yake. Pitia mlangoni.

Naye Spea, mbele ya wazee wanne wa kijiwe, akatafuta mlango, akauona, akatoka.