Watu Mia Mbili wa Mwalimu Tochi

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani, au mmekwama mahali mnasubiri mtu, vuteni kiti tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefundisha upimaji wa macho kwa miaka thelathini na minne. Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Tochi, na jina hilo likamganda mpaka siku ya kuzikwa.

Mwalimu Tochi alifariki Jumatano iliyopita, asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu. Miaka sabini na mitatu, na thelathini na minne kati ya hiyo aliimaliza kwenye chumba chenye mapazia mazito, akimulika macho ya watu.

Tochi yenyewe ilikuwa ndogo, ile ya kupimia, yenye mwanga mwembamba. Aliifunga kamba ya kiatu na kuivaa shingoni. Mpimaji huupitisha mwanga ule juu ya jicho, taratibu, halafu anaangalia unavyorudi. Ukienda upande huu, mtu anahitaji lenzi hii. Ukienda upande ule, anahitaji ile nyingine. Mgonjwa hasemi hata neno moja. Ndiyo maana Mwalimu aliipenda. Alikuwa akisema kwamba mtoto asiyejua herufi na bibi kizee aliyechoka kuulizwa maswali, wote wawili macho yao yatajibu, mradi anayeuliza awe amejifunza kusikiliza.

Na kujifunza kwenyewe, kwa Mwalimu Tochi, kulikuwa na idadi. Watu mia mbili. Kila mwanafunzi alipewa daftari lenye jalada jekundu, na kila aliyempima alimwandika humo, umri wake na alichokiona. Watu mia mbili tofauti. Watoto wasiopungua arobaini, wazee wasiopungua arobaini. Daftari likijaa, unampelekea Mwalimu, anavaa miwani yake na kulipitia ukurasa kwa ukurasa, nawe umesimama pale jasho linakutoka. Akiridhika, anatia sahihi. Asiporidhika, anaandika neno moja chini: Bado.

Hakuwahi kuandika "hapana." Aliandika "bado," anakurudishia daftari, na kesho unaanza kusaka macho upya.

Binti yake anasema hata nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. "Nilimleta mchumba," ametuambia, na hapo akacheka huku akifuta machozi. "Mama akamkaribisha vizuri, akamwandalia chai, wakaongea saa nzima. Halafu akanifuata jikoni, akaniambia, 'Bado.' Nilimnunia miezi sita. Mwaka haukuisha, yule bwana akaoa kwingine, tena mara mbili."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye jambo lililomkosesha raha miaka yake ya mwisho kazini. Kwa muda mrefu vyuo vya kufundisha upimaji wa macho vilikuwa viwili tu. Viwili. Halafu, ndani ya miaka sita, vikafunguliwa vingine tisa. Vikawa kumi na moja. Watu wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana wasioona vizuri ni wengi na wapimaji ni wachache. Mwalimu Tochi hakubisha hilo hata siku moja. Yeye alikuwa na swali lake, na alilibeba kila mkutano mpaka wenzake wakawa wanaangalia saa akinyoosha mkono. Macho ya kujifunzia yatatoka wapi? Kliniki ni zilezile. Wagonjwa ni walewale. Na hao walimu wa vyuo tisa, waliohitimu mwaka juzi, nani aliwaona wakipima?

Wengine walisema ana wivu. Wengine walisema amezeeka, anataka kazi iwe ya wanafunzi wake peke yao. Aliyasikia yote hayo, maana watu hawakujificha.

Kisha chuo cha kumi na moja kikafunguliwa na mpwa wake.

Huyu mpwa alikuwa mtoto wa kaka yake. Alisomea kazi hii mikononi mwa shangazi yake, akilala chumba cha uani nyumbani kwake, na daftari lake jekundu liliandikwa "bado" mara mbili kabla ya kupata sahihi. Alikuwa kama mtoto wake wa kwanza. Hata funguo za nyumba alikuwa nazo.

Mamlaka inayosimamia vyuo ikaunda kamati ya watu watatu kwenda kukagua chuo, na Mwalimu Tochi akawa mmoja wao. Aliwaambia wenzake waziwazi kwamba mwenye chuo ni mpwa wake. Wenzake wakasema basi vizuri, mambo yatakuwa mepesi. Hawakumjua.

Chuo kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la samani. Ngazi zilinukia rangi mpya. Ndani kulikuwa na kompyuta za kupimia macho ambazo bado zilikuwa na nailoni zake, na wanafunzi sitini waliovaa makoti meupe yenye mikunjo ya dukani. Mpwa alikuwa amepamba meza, ameweka maji na vitafunio. Alikuwa anatabasamu kama mwanafunzi aliyefaulu anayemsubiri mzazi wake.

Mwalimu Tochi hakugusa vitafunio. Aliomba daftari la mwanafunzi yeyote. Akaletewa. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Mgonjwa wa kwanza, miaka ishirini na mmoja. Wa pili, ishirini na miwili. Wa tatu, ishirini na mmoja. Alipofika wa thelathini akainua uso, akawatazama vijana mle ndani, na akaelewa. Wagonjwa wote walikuwa wamesimama mbele yake. Walikuwa wakipimana wenyewe kwa wenyewe, macho yaleyale ya vijana wazima wasioumwa kitu. Akauliza nani amewahi kumpima mtoto mdogo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akauliza mzee je. Mkono mmoja ukanyooka, wa binti mmoja nyuma kabisa, akasema alimpima bibi yake likizo.

Mpwa alimsogelea, akashusha sauti. "Shangazi, ndiyo kwanza tunaanza. Wagonjwa watakuja."

"Wakija, niite," akajibu.

Kila mkaguzi alikuwa na karatasi yake. Wale wawili walitia sahihi. Yeye aliandika neno lake, Bado, akaikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba. Sahihi mbili kati ya tatu zilitosha. Chuo kikaendelea.

Mpwa akampa kisogo. Miaka mitatu, wasikilizaji wapendwa. Miaka mitatu hakukanyaga kwa shangazi yake. Funguo alizirudisha kwa kumtuma mtu. Kwenye shughuli za ukoo, mmoja akikaa sebuleni, mwingine anakaa uani, na binti wa Mwalimu ndiye aliyebeba salamu huku na huku. Mwalimu Tochi aliumia. Binti yake anasema kila kengele ya mlangoni ilipolia, mama aliuliza ni nani kabla hata ya kuweka kikombe chini.

Akastaafu. Tochi alibaki nayo, shingoni, na kamba yake ya kiatu.

Siku moja, jirani yake akaja na mtoto wa kike wa miaka minane. Mtoto alikuwa amevaa miwani kwa miezi miwili, na kwa miezi miwili kichwa kilikuwa kinamuuma. Alikuwa ameacha kusoma kabisa. Shuleni wakasema ni mvivu. Mama yake alitaka kujua tu kama mtoto anadeka.

Mwalimu Tochi alivuta pazia, akamkalisha mtoto kwenye kiti cha jikoni. Akamtia matone ya kulegeza jicho, akasubiri, akamulika. Mtoto alihitaji lenzi za kumsaidia kuona karibu. Alikuwa amepewa za kuona mbali. Amepewa kinyume kabisa.

Hili ni kosa la watu wa kazi hii tu, na tulieleze vizuri. Mtoto akichungulia ndani ya kompyuta ya kupimia, hukaza macho. Akikaza, kompyuta hudanganyika, na namba inayotoka hugeuka. Mpimaji aliyewahi kupima watoto anajua, naye hutia matone na kushika tochi. Asiyewahi hunakili ile namba.

Kadi ya mtoto ilikuwa na jina la duka. Mwalimu akaenda mwenyewe. Alimkuta kijana nadhifu, mwenye heshima, mhitimu wa kwanza wa chuo cha mpwa wake. Hakumfokea. Alimuuliza alipima watoto wangapi akiwa chuoni.

"Hata mmoja, Mwalimu," kijana akasema. "Tulioneshwa kwenye video."

Alirudi nyumbani akakaa mezani, ameshika tama, chai ikapoa. Binti yake alimwambia huu ndio wakati, aende kwenye magazeti, awaoneshe wote waliosema ana wivu. Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema kijana yule hana kosa. Amesoma mpaka amehitimu, na hakuna aliyempa mtoto wa kumpima.

Jumanne iliyofuata alivaa raba zake, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Mpwa alipomwona mlangoni alisimama wima. Alijua shangazi yake amekuja kumfungia chuo. Mwalimu akaiweka ile miwani ya mtoto juu ya meza, akamweleza kilichotokea, kwa maneno machache, bila kupandisha sauti. Mpwa akaishika ile miwani. Ilikuwa midogo, ya rangi ya waridi.

Halafu akauliza, "Shangazi, nifunge?"

Mwalimu Tochi hakujibu swali hilo. Alisema, "Nioneshe kiti cha mgonjwa."

Akakaa. Macho yake yalikuwa na miaka sabini na mmoja, na mtoto wa jicho anayeanza, na kila kitu ambacho vijana wale hawakuwahi kukiona zaidi ya kwenye picha. Akasema, haya, mmoja mmoja. Siku ile walimmulika wanafunzi kumi na wawili, mpaka machozi yakawa yanamtiririka. Jumanne iliyofuata akarudi, na majirani wanne. Iliyofuata akaja na wastaafu wenzake. Akaja na watoto wa shule pamoja na mama zao, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule binti wa miaka minane, na miwani sahihi usoni. Mpwa naye hakupokea wanafunzi wapya mwaka mzima. Alipopokea tena, alichukua ishirini na watano. Vile vyuo vingine havikubadilika. Tusitie chumvi, havikubadilika.

Kuna kijana mmoja alimpima Mwalimu, akakosea, akamwandikia miwani ya ovyo. Mwalimu alijua palepale. Akaitengenezesha, akaivaa wiki nzima, anapapasa ukuta, anakanyaga sandali za watu, nusura aanguke kwenye ngazi. Jumanne akarudi, akamvisha yule kijana miwani ileile na kumwambia atembee mpaka dirishani. Kijana huyo sasa ni mpimaji, na ametuambia kila anapoandika namba anazisikia zile hatua za kuelekea dirishani.

Alifanya hivyo miaka miwili. Miaka miwili, kila Jumanne. Jumanne ya mwisho alikaa kwenye kiti kama kawaida. Akarudi nyumbani, akala, akalala. Jumatano asubuhi hakuamka.

Baada ya mazishi, binti yake alifungua mkoba wa zamani wa mama akitafuta kitambulisho. Akakuta ile karatasi ya ukaguzi. Ilikuwa imejaa, mbele na nyuma, hadi pembeni. Kila Jumanne alikuwa ameandika tarehe na neno lilelile. Bado. Bado. Bado. Binti akampelekea mpwa, aliyekuwa amekaa uani na wanaume wengine, naye akaisoma yote, mstari kwa mstari, mpaka tarehe ya mwisho, siku moja kabla ya kifo. Hapo paliandikwa:

"Bado. Ila usifunge."

Mpwa alijifunika uso na ile karatasi. Wanaume waliokuwa naye wakamwacha alie.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa binti wa marehemu, kwa mpwa wake, kwa wajukuu, na kwa wote waliowahi kubeba daftari jekundu. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize. Tunapofurahia chuo kipya, tunauliza kina majengo mangapi, au tunauliza wanaosoma humo watamgusa nani, watakosea mbele ya nani, na nani atawaambia bado? Kila mmoja ana mtoto anayepelekwa kwa mtu fulani kupimwa kitu fulani.

Na kwa wale mnaokaa karibu na duka lile la samani: mpwa ametuomba tuwaambie kwamba kesho ni Jumanne. Wanafunzi ishirini na watano wanasubiri kuanzia saa tatu asubuhi, na kiti cha mgonjwa hakina mtu.