Pale Heshima Ni Kusema

Bamama, batata, musinicheke. Mi si mutu wa kusimama mbele ya batu. Lakini leo nabaambia namna kunyamaza kulinifunga.

Nilikuwa naosha mawe ya shaba kule Mutoshi. Siku moja gunia ikapotea kwenye depo, ikaonekana karibu na fasi yangu ya kuoshea. Balinikamata mi. Magistra wa parke, ule anayeshitaki batu, aliniuliza kidogo, akatia sinyatire kwenye karatasi ya kunifunga, nikaingia gereza.

Upande wa banaume kulijaa mupaka balilala kwa zamu. Upande wa banamuke nilikuwa mi pekee. Ndugu zangu, musifikiri ilikuwa baraka. Chumba kubwa, mikeka tupu, na mi. Mama yangu alikuwa kwetu Sandoa na mutoto yangu, hakuna aliyejua niko wapi. Siku ya kutembelewa nilisikia majina yanaitwa kwenye geti, yangu haikuitwa. Nikaanza kuiita mi mwenyewe, kwa sauti, ili isikike tu. Nililia sana.

Kisha balinipeleka mbele ya bajuge banaoangalia kama mutu abakie ndani ao atoke. Mukubwa wao akauliza: "Mama, uko na neno ya kusema?" Nyie ba Sandoa munaokaa huku munajua: mukubwa akikuuliza, mwanamuke anapiga magoti, anapiga makofi polepole, macho chini, kimya. Ile njo heshima. Nilifanya vile, muzuri sana! Grefie, mwandishi wa bajuge, akaandika kwamba sina neno. Bakanirudisha ndani. Mara ya pili nilifanya vile vile.

Siku moja nikiwa najiita, sauti ya mwanaume ikatoka kwenye tundu ya maji chini ya ukuta: "Mama, nani anakuita kila siku?"

"Ni mi mwenyewe, tata."

Akacheka, na mi nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Mutoshi.

Yeye alikuwa amekwisha kuhukumiwa, njia ya kuomba kutoka haikumusaidia tena, lakini aliijua. "Karatasi ya kukuweka ndani iko na mwisho," akasema. "Kama iliisha na bajuge habakuiongeza, banakuweka bure. Uliza tarehe." Nikamuuliza gardien, mulinzi wa gereza. Ilikuwa imekwisha tangu ile mara ya pili, na haikuongezwa. Basi sauti ikanitajia maneno ya ombi, mi nikaandika juu ya magoti: jina, siku nilikamatwa, siku karatasi iliisha, naomba kutoka. Akasema gardien aipeleke kwa grefie, mi nibakie na kopi yenye muhuri.

"Na mbele yao usipige makofi," akaniambia. "Pale si kwa chefu wa mugini. Pale heshima ni kusema."

Nilienda bila avoka wa kunisemea. Juge akauliza. Mikono ilitaka kupiga makofi yenyewe, nikaifunga nyuma. "Tata juge, karatasi yangu iliisha, hakuna ingine. Gunia si yangu, na hakuna shahidi aliyeletwa. Niko na mutoto. Naomba kurudia kwetu." Sauti ilitoka. Alifungua dosie, akageuza, akageuza tena. Kisha siku moja jina yangu ikaitwa kwenye geti, na mara hii haikuwa mi niliyeiita: balinifungulia.

Nilipofika kwa mama, mutoto alinikimbia siku za kwanza. Aliniona mugeni. Hiyo nayo iliniuma.

Nilirudia gerezani na sufuria ya bukari, ugali wa kwetu, na samaki, ya ule tata wa ukuta. Kapita, mukubwa wa bafungwa, akauliza: "Ya nani?" Uso wa ule tata sikuuona, na jina, ona ujinga wangu, sikuiuliza hata siku moja. Nikasema: "Ni ya ule hana mutu wa kumuletea." Mikono mingi ikanyoshwa.

Mupaka leo sijui kama alikula. Namushukuru pale alipo. Nabashukuru nyie bamama, mulinipokea bila kuniuliza nimetoka wapi. Na fundisho yangu ni hii tu: ukiulizwa kama uko na neno, sema.

Mi leo niko na neno moja. Kesho narudia kule gerezani, na sufuria yangu ni moja tu. Nani anakuja na mi?