Daftari Nililoliacha Kitandani

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu mliowasindikiza wazazi kliniki, poleni na mlima. Nimeombwa niseme machache wakati foleni ya kupima presha inasogea. Mama aliyenitangulia ametusimulia alivyougua kisukari akapata nafuu. Mimi siumwi. Mgonjwa ni mama yangu, huyu hapa mbele mwenye kitenge cha kijani, na mimi nimesimama kuwaambia jinsi nilivyokaribia kumuua kwa maringo.

Nimezaliwa hapo juu tu. Shule yangu ya msingi ndiyo hiyo mnayoiona bati lake. Nikaenda sekondari, nikaenda chuo kikuu, leo nafundisha baiolojia shule moja ya sekondari huko Kihonda. Kila ngazi niliyopanda nilikuwa nageuka nyuma kuangalia nani amebaki, na nilikuwa nafurahi. Nasema kweli, nilikuwa nafurahi.

Muuguzi wa zahanati hii, ambaye sasa hivi anajifanya anapanga dawa ili asinitazame, shule ya msingi tulikaa dawati moja. Sekondari ilimsumbua, akahangaika mpaka akapata cheti cha uuguzi, akarudi kututibu hapa hapa.

Utaratibu wetu mnaujua. Mgonjwa anakuja na daftari lake la dukani, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, humo anaandikiwa vipimo na dawa zote. Mama la kwake alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, akalilaza chini ya mto. Mimi nikija likizo namcheka mbele ya majirani: "Mama, wewe bado uko darasa la kwanza?" Siku moja nilimwambia muuguzi mwenyewe, watu wamejaa kwenye mabenchi haya haya, "Dada, hesabu za darasa la nne zilikushinda, leo ndiyo unampimia mama yangu dawa?" Watu walicheka. Wengine wenu mlikuwepo, msiangalie chini, aibu ni yangu. Yeye alinijibu, "Kaka, mkumbushe mama tarehe ya kurudi."

Masika ya miaka mitatu iliyopita kidonda cha mguuni cha mama kilichafuka, homa ikapanda. Niliazima gari la mwalimu mwenzangu, nikafika asubuhi, nikamkuta muuguzi ameshafika nyumbani anakisafisha. Akaniambia, "Nisubiri kidogo niandike barua ya rufaa. Na daftari mwende nalo."

Nikasema, "Mama yangu haendi hospitali kubwa na barua ya zahanati. Kule kuna madaktari bingwa, kuna kompyuta."

Mama alikuwa amelishika lile daftari. Nililichomoa mkononi mwake, nikalitupa kitandani. Niliona haya, ndugu zangu, mtu mwenye shahada nionekane mapokezi na daftari la shule lililonuka mafuta ya taa. Muuguzi alinifuata mpaka dirishani anasema jambo, nikapandisha kioo, nikaondoa gari.

Kule mjini tulipokelewa vizuri. Daktari, kijana mpole kabisa, akauliza, "Kuna dawa yoyote iliyowahi kumkataa?" Mama alikuwa hoi, hasemi. Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Neno dogo hilo, na mimi nikashindwa kulitamka mbele ya koti jeupe. Nikasema, "Hakuna, daktari. Mimi ni mtu wa sayansi, ingekuwepo ningejua."

Simu ikaita mfukoni. Nikachungulia, ni muuguzi. Nikaondoa sauti. Akapiga tena, akapiga tena. Niliona anataka kunifundisha kazi.

Mama akachomwa sindano. Hazikupita dakika nyingi midomo ikavimba, kifua kikawa kinapiga mluzi. Wauguzi wakaja mbio, pazia likavutwa, mimi nikatolewa nje, koridoni. Hapo ndipo nilipofungua simu. Kulikuwa na ujumbe: "Kaka, mama asichomwe penisilini. Ilishamkataa. Nimeandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu." Nikatazama saa. Ulikuwa umeingia kabla ya sindano.

Naona mama umeinua kichwa. Ndiyo, mama. Nivumilie nimalize.

Niliufuta. Mama yangu anagombania pumzi nyuma ya pazia, na mimi mwanawe nimeegemea ukuta nafuta ujumbe. Daktari alipotoka akasema mama amerudi, lakini ilikuwa chupuchupu. Akauliza tena kama kweli hatukuwa na taarifa yoyote. Nikasema hatukuwa nayo.

Mchana muuguzi akatokea wodini na mfuko wa nailoni. Bodaboda zilikuwa zimekwama kwa matope, alishuka kwa miguu mpaka barabarani, sketi imetapakaa udongo mwekundu. Daktari akafungua daftari, akaona ile kalamu nyekundu, akamuuliza, "Sasa dada, mbona hukupiga hata simu?"

Muuguzi akanitazama. Mimi nikatazama marumaru za sakafu.

Akasema, "Mtandao wa kwetu, daktari. Mvua ikinyesha ule mnara unazima."

Mama aliyasikia hayo akiwa kitandani. Ndiyo maana mpaka leo akipita pale darajani, akiuona ule mnara wa simu kule ng'ambo, anausonya na kuulaani. Na mimi huwa niko pembeni yake, kimya.

Niliporudi kazini nilikuwa nafundisha kidato cha tatu nani anamla nani. Majani, panzi mlaji wa kwanza, chura wa pili, nyoka wa tatu. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, majani yakikauka, nyoka inamhusu nini wakati yeye hayali?" Swali jepesi hilo. Nikaiona ile sketi ya muuguzi yenye matope, nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia.

Jumamosi yake nilipanda huku, nikamkuta muuguzi anafagia hapa barazani. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi nimeshakusamehe. Lakini uliyemdanganya siyo mimi." Akaendelea kufagia. Imenichukua miaka mitatu kutembea kutoka pale aliponiambia mpaka hapa niliposimama.

Nawashukuru wale wa hospitalini, waliouliza swali sahihi wakapewa jibu la uongo, na bado wakamrudisha mama. Nakushukuru wewe, dada, kwa daftari na kwa matope. Ninyi wenzangu, hasa mliosoma kidogo kama mimi, ukiulizwa na hujui, sema hujui. Hata upelekwe hospitali ya taifa, anayemjua mama yako ni huyu anayemwona kila mwezi. Na daftari msiliache.

Foleni imefika kwetu, namaliza. Mama, naomba unisamehe, kama si leo basi siku utakayoweza. Simu iliita mara tatu, na mimi niliiona. Ule mnara haukuwa na kosa lolote. Usiulaani tena.