Moyo wa Marehemu Kwenye Kompyuta ya Fundi

Benchi la kijiwe liko ubavuni mwa kibanda cha fundi simu, na asubuhi hiyo fundi mwenyewe alikuwa amelikalia, kompyuta mapajani, kahawa ikimpolea mkononi. Saa aliyovaa, ya kupima mapigo ya moyo, aliirithi kwa marehemu kaka yake. Kwa kuwa hakutaka kampuni ya watu ikae na siri za kifua chake, alipakua kumbukumbu zote za saa akazimwaga kwenye kanzidata yake mwenyewe, humo humo kwenye kompyuta. Kosa lake, na fundi mzima hakupaswa kulifanya, ni kwamba hakutenganisha za kaka na zake. Sasa kioo kilionyesha mtu mmoja: mapigo yanapanda, yanapanda, yanakatika, halafu baada ya pengo yanaanza upya. Na hayo mapya nayo yalikuwa yanapanda. Fundi aliogopa, wala hakuna jina jingine la kuiita hali ile.

— Hapa yanapokatika ni kaka, akawaambia wenzake wa kijiweni. Huku ni mimi. Tazameni yanavyofanana.

— Saa ina mazoea hiyo, akasema Kinyozi, ambaye hajakosa jibu tangu azaliwe. Imezoea moyo wa kaka yako, sasa inaufundisha wako upige vile vile.

— Moyo ufundishwe na saa?

— Kwani wewe asubuhi unaamshwa na nini?

Mzee Habari, mstaafu asiyeachana na redio yake, akaguna.

— Kinyozi, usipotoshe watu. Hiyo ni kampuni. Saa bado ina jina la marehemu, sivyo? Basi huko kwao wanaona maiti anazurura sokoni! Lazima wamshughulikie. Wana mitambo angani, wanambonyeza kifua kidogo kidogo.

Kinyozi akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni, maana fundi alikuwa anajifuta jasho na jua lenyewe halijachomoza vizuri.

— Si uivue tu, bwana.

— Nikiivua nitajuaje kama moyo bado unapiga?

Hapo hata Mzee Habari akapunguza sauti ya redio.

— Au basi, Kinyozi akanong'ona, marehemu hakumaliza. Alibakiza mapigo yake, anayamalizia kwako.

Fundi alitaka kumtukana, lakini pumzi haikutosha.

Ndipo akafika shemeji yake, mjane wa kaka, aliyeleta simu iliyopasuka kioo. Hakuwa amewahi kusimama pale kijiweni. Akaona sura ya fundi, akainama atazame alichokuwa anatazama.

— Shemeji, huku kupanda ni siku zake za mwisho?

— Ndizo.

— Alikuwa akinywa kahawa hapa kila asubuhi. Aliwaambia kifua kinambana?

— Alituambia, Kinyozi akajibu haraka, kama anayejitetea.

— Mkamwambia nini?

Kinyozi akageuka kama aliyeitwa na mteja. Mzee Habari akashughulika na kitufe cha redio ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Fundi alikumbuka kila neno walilosema, na jinsi walivyocheka mpaka machozi, kaka yake naye akicheka, mkono kifuani.

Akafunga kompyuta.

— Shemeji, akasema mbele ya watu wote. Nipeleke hospitali.